Njano ya Kwanza

Kila asubuhi, kabla maabara haijajaa watu, Nong'ona alikuwa akiosha chupa. Aliziosha kwa sabuni, akazisuuza kwa maji ya bomba, kisha kwa maji yaliyochujwa chumvi, na mwisho kwa spiriti. Halafu aliziinua moja moja dirishani ili aone kama kuna tone lililong'ang'ania shingoni. Ilikuwa kazi ya mikono tu, haidai maneno, na ndiyo maana aliipenda. Jina la Nong'ona hakupewa na wazazi wake. Alipachikwa na wenzake wa chuo, kwa sababu akiulizwa swali darasani alijibu kwa sauti iliyomfikia jirani yake peke yake, na jirani akalazimika kuwapasha wengine.

Siku hiyo alikuwa na chupa ya mwisho mkononi mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Chupa nusura imponyoke.

"Mapande tena!" alisema Fundi Mistari, akipunga karatasi hewani. "Nimewaomba chembe, mmeniletea mapande!"

Fundi Mistari alikuwa mwenye chumba cha mashine za kupimia, kule mwisho wa ujia. Kutwa alishinda akitazama mistari ya grafu, na jina likamganda. Alikuwa na maneno ya kumtosha yeye na ya kumkopesha Nong'ona.

"Shikamoo kwanza haipo siku hizi?" aliuliza Mama, mwalimu aliyeongoza maabara, kutoka kwenye kiti chake cha pembeni, alikokuwa akinywa chai.

"Shikamoo, Mama. Nisamehe, nimechanganyikiwa." Akaitandaza karatasi juu ya meza. "Tazama mteremko huu. Unatakiwa uwe huku kushoto. Umehamia kulia kama mpangaji aliyefukuzwa. Na hivi hapa ni vipimo vya eksirei. Chembe zikiwa ndogo, vilele vyake hunenepa. Hivi vimekonda kama sindano. Hii ni mara ya tatu mfululizo."

Mama akaivuta karatasi karibu na uso, akaitazama, akairudisha.

"Umeme," alisema. "Umeme wa jana ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu mwenye homa."

"Nami nilifikiri hivyo, Mama," alisema Fundi Mistari upesi, kwani hakuna aliyependa kufikiri jambo lingine.

Walichokuwa wakitengeneza ni chembe za salfaidi ya kadmiamu. Ni nusu kipitishi, yaani kitu kisichopitisha umeme ovyo kama waya wa shaba wala kuukatalia mbali kama kioo, bali husubiri kwanza kipigwe na mwanga. Chembe hizo ni ndogo kiasi kwamba ukizipanga maelfu kwa maelfu hazifiki unene wa unywele. Ajabu yake ni kwamba rangi hufuata ukubwa. Zikiwa changa, maji yake yanakaribia kuwa meupe. Zikikua kidogo zinaanza njano hafifu. Zikizidi kukua zinakuwa njano ya kiini cha yai, na hapo umeshachelewa, maana kazi yao ilihitaji zile changa. Kwa hiyo ufundi wote ulikuwa katika kujua wakati wa kuzizuia: kuikamata njano ya kwanza, kuitoa chupa kwenye joto na kuitumbukiza katika beseni la barafu.

Saa haikufaa. Joto la jiko lao lilifuata umeme, na umeme haukumfuata mtu. Kuchota tone na kulikimbiza kwa Fundi Mistari nako hakukufaa, kwani ungerudi ukute chembe zimeshakuwa wazee. Kilichobaki ni jicho la Mama.

Watu wa vyuo vingine walimwita Mama Njano, naye hakuwakataza. Alikuwa akisimama mbele ya kabati la kuvuta hewa, mikono nyuma, miwani ya kujikinga usoni, akiitazama chupa kama mtu anayemsubiri mgeni kituoni. Wengine walikuwa bado wanaona maji matupu, yeye anatamka neno moja: "Sasa!" Chupa inaingia kwenye barafu. Fundi Mistari akipima, anakuta chembe zote zimelingana kama watoto waliovalishwa sare.

"Jicho hili halina betri," Mama alipenda kusema. "Umeme ukikatika, lenyewe linaendelea."

Nong'ona alimpenda mwanamke huyo kwa namna ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Siku ya usaili wa kuingia katika maabara, mbele ya walimu walioketi kwa safu, ulimi ulimwia mzito hadi machozi yakaanza kumlengalenga. Mama akainuka, akakigeuza kiti cha Nong'ona kikaelekea dirishani, akasema, "Wajibu wale ndege waliopo nje, mwanangu. Sisi tutasikiliza kwa pembeni." Nong'ona akawajibu ndege. Tangu siku hiyo, kila alichokijua kuhusu kupima, kuchuja, kuzungusha na kukausha, alikijua kutoka kwa Mama.

Sasa kulikuwa na jambo lililomkaba rohoni. Katika mara hizo tatu zilizoharibika, yeye alikuwa amesimama ubavuni mwa Mama. Na mara zote tatu njano alikuwa ameiona. Ilianza pembezoni mwa chupa, ikasambaa taratibu, ikakolea. Yeye akasubiri. Mama hakusema kitu. Njano ikazidi kukolea, ikawa njano ya kila mtu, ndipo Mama akasema "Sasa!" kwa sauti ile ile ya kujiamini.

Mara ya kwanza alijiambia macho yake mwenyewe yana papara. Mara ya pili alijiambia Mama ana sababu yake. Mara ya tatu alikosa la kujiambia.

Jioni, nyumbani, alimkuta shangazi yake akichambua mchele. Shangazi huyo ndiye aliyemlea, na mwaka uliopita alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho.

"Shangazi, ulijuaje kwamba macho yako yameharibika?"

"Nilijuaje? Sikujua!" Shangazi akacheka, sinia likatikisika. "Mtu atajuaje asichokiona? Nilidhani dunia ndiyo imechakaa. Unalikumbuka lile shuka langu nililokuwa naliita jeupe?"

"Lenye maua?"

"Ehe! Lenye maua ya njano! Sasa mbona hukuniambia? Siku waliponiondoa lile lidude jichoni nikarudi nyumbani, nikapiga ukelele. Muda wote ule nalala juu ya maua, sina habari!"

"Nyekundu ulikuwa unaiona?"

"Nyekundu ilikuwepo. Kilichonikimbia ni zile njano changa changa, zile za kuanza anza. Ni kama nilikuwa natazamia ndani ya glasi ya chai." Akatupa kijiwe nje ya sinia. "Nilikuwa nawavalia nguo zisizopatana, nyie wote mnanitazama tu."

"Kwa nini hatukukwambia?"

"Nikuulize wewe! Mlikuwa mnaniheshimu, nadhani." Akamkazia macho, macho yaliyokuwa maangavu sasa kama ya msichana. "Kuna nini? Macho yanakusumbua?"

"Hapana, shangazi. Si yangu."

Hakulala vizuri. Asubuhi akapiga moyo konde, akaenda hadi kwenye kiti cha Mama, akasimama.

"Mama."

"Sema, mwanangu."

Maneno yalikuwa yamepangwa tayari. Yalipofika kooni yakageuka, kila moja likashika njia yake.

"Nilikuwa nafikiri... ile taa ya ndani ya kabati. Kama imefifia vile."

"Taa?" Mama aliinua kichwa, na usoni mwake mkapita kitu kama nafuu. "Umesema kweli! Taa! Mbona sikufikiri taa?"

Taa ikabadilishwa. Chembe zikatoka mapande. Siku nyingine Nong'ona akarudi tena na maneno yake, akaishia kusema kwamba pengine wabandike karatasi nyeupe nyuma ya chupa, rangi ionekane vizuri. Mama akafurahi, akaibandika mwenyewe kwa mikono yake, akajitenga kidogo kuitazama kama mtu aliyetundika picha ya harusi. Chembe zikatoka mapande. Wiki hiyo maabara ikapata taa mpya, karatasi mpya na waya mpya wa jiko. Fundi Mistari aliifungua mashine yake, akaisafisha, akaifunga, akaiapiza.

Njia aliyoipata Nong'ona hakuitafuta. Siku moja walikuwa wamesimama kama kawaida, macho kwenye chupa, na njano ikaanza. Aliiona ikichungulia, changa kabisa, nzuri kabisa. Alimtazama Mama kwa pembe ya jicho. Mama alikuwa ametulia tuli. Nong'ona akafungua mdomo. Alitaka kusema. Badala ya kusema, akakohoa.

"Sasa!" alisema Mama.

Alasiri Fundi Mistari alikuja akicheza. Alicheza kuanzia mlangoni hadi kwenye sinki, karatasi juu ya kichwa.

"Watoto wamerudi nyumbani!" aliimba. "Mteremko uko kushoto, vilele vimenona! Mama, mikono yako ibusiwe!"

"Niliwaambia ni umeme," alisema Mama, akacheka hadi akafuta machozi.

Nong'ona naye alicheka. Alifurahi kweli, na katika furaha hiyo akakosea. Mara iliyofuata akakohoa tena. Na iliyofuata. Kila njano ya kwanza ilipochungulia yeye alikohoa, Mama akatamka, chupa ikaingia kwenye barafu, na chembe zikatoka sare. Alijiambia kwamba hamdanganyi mtu. Anakohoa tu; nani amekatazwa kukohoa?

Ila Mama alikuwa na masikio mazima.

"Kifua hicho sikipendi," alisema asubuhi moja, akaweka mbele yake chupa ya asali. "Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni."

"Ni kikohozi kidogo tu, Mama."

"Vikubwa vyote vilianza hivyo. Mbona nyumbani hukohoi? Nimempigia shangazi yako, ananiambia hajakusikia hata ukipiga chafya. Basi ni hewa ya humu. Ni kosa langu, nimekuweka karibu mno na madawa haya."

Siku iliyofuata alimletea skafu ya sufu, rangi ya zambarau. Siku nyingine alimshika mkono mwenyewe, akampeleka kwa muuguzi wa chuo, akaketi naye kwenye benchi kama mzazi wa mtoto mdogo. Muuguzi alimsikiliza kifua mbele na nyuma.

"Kifua kisafi kabisa," alisema. "Natamani changu kingekuwa hivi."

"Msikilize tena," alisema Mama.

Nong'ona aliketi pale, skafu shingoni, akitamani ardhi ipasuke. Mtu aliyekuwa mgonjwa alikuwa amemleta mzima kwa muuguzi. Na wakati wa kuondoka, kwenye ngazi za zahanati zilizopakwa mstari wa njano ukingoni, Mama alikosea daraja la mwisho. Alishika bega la Nong'ona, akacheka, akasema viatu hivi vipya vina hila. Viatu havikuwa vipya.

"Nikwambie kitu?" Fundi Mistari alimwambia Nong'ona siku hiyo, akiegemea mlango. "Nimefanya uchunguzi wangu. Ukikohoa, grafu inanyooka. Siku uliyokwenda maktaba, mapande. Nikajiuliza: huyu dada anakohoa salfa au anakohoa baraka? Njoo basi unikoholee na mashine yangu."

Alikuwa akitania. Lakini alipoona uso wa Nong'ona, utani ukamfia mdomoni.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

Fundi akamtazama, kisha akatazama kile kiti cha pembeni, kilichokuwa kitupu wakati huo. "Kesho kutwa wanakuja wale wageni," alisema polepole. "Unalijua hilo?"

Alilijua. Walimu wa chuo kingine walikuwa wakija kujifunza njia ya Mama. Wangesimama nyuma yake, wangemtazama akitazama, wangesubiri neno lake. Mama alikuwa ameshapiga pasi koti jeupe, limetundikwa nyuma ya mlango likisubiri. Nong'ona aliwaza: nitakohoa. Kisha akawaza: na baada ya hapo? Atakohoa mpaka lini? Nani atamkoholea Mama barabarani, magari yanapopita? Na madawa haya ni sumu. Siku mkono wa Mama utakapokosa beseni, kikohozi kitasaidia nini?

Siku ya maandalizi walikuwa wawili tu. Nong'ona aliyeyusha chumvi ya kadmiamu katika maji, akaongeza dawa ile inayozivika chembe koti ili zisishikane, akaiweka chupa juu ya jiko. Mama alisimama mahali pake, mikono nyuma. Joto lilipofika, Nong'ona alifungua kopo la dawa yenye salfa, na harufu ya mayai yaliyooza ikatoroka kabla feni ya kabati haijaikamata. Ikampanda puani, ikamshika kooni. Aliimimina dawa ndani ya chupa, akafunga kopo, akageuza uso pembeni, akakohoa. Safari hii alikohoa kikweli, kikohozi kisicho na nia wala mpango.

"Sasa!" alisema Mama.

Akainyakua chupa mwenyewe kwa koleo, akaitumbukiza kwenye barafu.

Nong'ona hakusogea. Dawa ilikuwa hata haijachanganyika. Barafu ilipasuka kwa sauti ndogo ndani ya beseni. Mama aliisubiri chupa ipoe, akaitoa, akaifuta kwa kitambaa, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Akaizungusha huku, akaizungusha kule. Ndani yake mlikuwa na maji maangavu. Kupitia chupa ile ungeweza kuhesabu majani ya miti iliyokuwa nje.

"Imetoka vizuri," alisema Mama. "Njano safi. Ile yenyewe kabisa."

Kisha akaongeza, bila kugeuka, "Au siyo?"

Sauti ilikuwa ya kawaida. Lakini aliisogeza chupa karibu na jicho, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Nong'ona akatambua kwamba hilo lilikuwa swali la kweli. Mama alikuwa anauliza kwa sababu hajui, na alikuwa hajui kwa muda mrefu, na muda wote huo alikuwa akisimama mbele ya chupa gizani peke yake, akisikiliza.

Angeweza kusema, ndiyo, Mama. Maneno hayo yalikuwa mepesi, yalishafika mdomoni.

"Siyo, Mama."

"Hafifu kidogo?"

"Ni maji matupu."

Mama akaishusha chupa juu ya meza, taratibu sana, akipapasa ukingo kwanza kwa vidole. Akavua miwani ya kujikinga. Bila hiyo alionekana mdogo, na amechoka.

"Lakini ulikohoa," alisema.

"Nilikohoa harufu."

"Ah." Akaketi. "Basi siku zile nyingine hukuwa unakohoa harufu."

"Hapana."

"Nilijua," alisema Mama. "Si kujua hasa. Masikio yalijua, mimi nikayakataza kuniambia. Nikasema mtoto anaumwa kifua. Nikanunua na skafu." Akajaribu kucheka, kicheko hakikufika. "Wageni nitawaambia nina safari. Fundi atatafuta namna. Na huu umeme wetu, watu hawawezi kuja kwenye umeme wa—"

"Mama, siyo umeme."

Mama akainua uso. Nong'ona alikuwa amesimama mbele yake, mikono imebana pindo za koti. Hakuna ndege, hakuna jirani wa kumpokelea. Aliona kwamba asiposema leo, atakuwa ameiita aibu yake heshima, na atamwacha mtu anayempenda kuliko wote katika jengo hili aendelee kuogopa peke yake.

"Wala siyo taa," alisema. "Nilisema taa, nikasema karatasi, nikakohoa. Yote hayo sikuyamaanisha. Ni macho yako, Mama. Njano huioni tena, na ngazi huzioni, nami nimekuwa nikijua na kunyamaza kwa sababu naogopa utafikiri nakudharau. Sikudharau. Nakupenda. Shangazi yangu alikuwa hivyo hivyo, wakamtoa mtoto wa jicho, leo anaona kila punje ya mchele. Nataka twende hospitali, mimi na wewe, leo hii, na nataka nikae nje ya mlango wao mpaka utoke."